Honi Juu ya Sponji

Gari la daktari wa meno lilipoingia gereji, mafundi wote waliacha walichokuwa wakifanya. Lilikuwa gari la michezo la zamani, la milango miwili, rangi ya maziwa, pua ndefu na mgongo mfupi. Lilikuwa chini mno, hata daktari alitoka ndani yake kama mtu anayetoka kwenye beseni la kuogea, mkono mmoja kwenye goti, mwingine ukitafuta pa kushika.

“Hili si gari, hili ni kiatu,” alisema Nyundo, fundi wa bodi. “Mwenzake wa kushoto umemwacha wapi, Daktari?”

Watu walicheka, na tangu saa ile gari likaitwa Kiatu. Daktari naye alicheka. Alikuwa mzee mstaafu, mpole, na gari lile alilipenda kama watu wanavyopenda kitu walichokitamani ujanani wakakipata uzeeni.

“Chekeni tu,” alisema. “Juzi nilikuwa kwenye msafara wa maziko. Nakata kona kuingia makaburini, honi ikaanza kulia yenyewe. Ikalia mpaka tunafika kaburini. Shemeji yangu hadi leo hajanisalimia.”

“Na ukitaka ilie?” aliuliza bosi wa gereji.

“Nikitaka ilie inanyamaza. Kama kitinda mimba wangu.”

Jumamosi ile alikuwa anamwoza mjukuu wake, na alitaka kumpeleka harusini kwa Kiatu huku honi ikiimba. Honi ya gari lile ilikuwa na sauti mbili, moja nene na moja nyembamba, zikitoka pamoja kama mtu na mkewe wanaobisha hodi kwa wakati mmoja. Mafundi wawili wa kwingine walikuwa wameshaishika wakashindwa.

“Waya,” bosi aliita. “Waya! Honi yako hii.”

Waya, fundi wa umeme wa magari, alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo, amewapa mgongo, akifuta mikono kwa kitambaa. Hakugeuka. Kipande cha sponji kilipaa kutoka kwenye kona ya washonaji kikamgonga begani, ndipo akageuka akitabasamu.

“Naona mmeniletea kiatu,” alisema, kwa kuwa neno hilo alikuwa amelisoma kwenye midomo ya Nyundo kabla hajawapa mgongo.

Aliyerusha sponji alikuwa mkewe. Alishona viti vya magari kwenye kona ya gereji hiyohiyo, amezungukwa na marobota ya ngozi ya bandia na vipande vya sponji vilivyobaki, na ndiyo maana alikuwa anaitwa Mama Sponji. Kila mtu alijua mchezo wao. Waya akiitwa, mkewe humrushia kipande cha sponji mgongoni, Waya hugeuka, wote wawili hutabasamu. “Mapenzi ya utu uzima hayo,” mafundi walisema. “Sisi wake zetu hurusha sufuria.”

Haukuwa mchezo. Waya alikuwa kiziwi.

Ilianza na sauti nyembamba. Birika likichemka, simu ikilia chumba cha pili, mtoto wa jirani akiita kwa mbali. Kisha zikaondoka sauti za watu, moja moja, kama wageni wanaoaga. Maisha yake yote alikuwa amekaa kati ya honi alizokuwa akizirekebisha usoni kwake na nyundo za watu wa bodi, wakigonga mabati ubavuni mwake kutwa nzima. Sasa aliishi kwa macho. Aliitazama midomo. Aliyajua maneno ya gereji kabla hayajasemwa, kwa sababu gerejini watu husema yaleyale.

Aliyeambiwa jambo hilo ni mkewe peke yake, na walikuwa na sababu ya kulificha. Mlinzi wa lango, mzee aliyekaa pale tangu gereji ilipokuwa kibanda, aliingiwa na mtoto wa jicho. Bosi alimpa mkono, akamshukuru, akamwambia aende. “Hii ni gereji,” aliwaambia waliobaki, “si hospitali.” Waya na mkewe walikuwa wamesimama pale. Kuanzia siku hiyo hakuna kipande cha sponji kilichotupwa jalalani.

Honi alizijua kwa kiganja. Huiweka honi mkononi, mkewe hubonyeza kitufe, na ngozi ya kiganja humwambia: hii imekwama, hii ina kutu, hii inataka kulegezwa kidogo tu. Waliokuwa wakitazama walidhani ni maringo ya fundi.

*

Nyumbani walikuwa na vyumba viwili na mama mmoja. Mama yake Waya alikuwa ameshapita umri wa kukimbizana na mtu, ila ulimi wake bado ulikimbia.

“Mumeo huyu,” alimwambia mkwewe jioni ile, “mimi nimemkosea nini?”

“Kwani amefanyaje, mama?”

“Nimemwita hapa mara chungu nzima anisogezee kigoda. Amenipita kama anapita nguzo ya umeme. Zamani akiniona nakunja uso tu anakuja mbio. Amekua, amekuwa jeuri.”

“Amechoka, mama. Kazi nyingi.”

“Uchovu hauzibi masikio.”

Mama Sponji aliinamia jiko asionekane uso. Ilikuwa ajabu na majonzi, lakini kati ya watu wote, mama yake ndiye ambaye Waya alishindwa kabisa kumwelewa. Bibi huyo hakuwa na jino hata moja. Midomo yake ilikuwa imezama ndani, na maneno yalitoka bila umbo. Waya alisoma midomo ya bosi, ya wateja, hata ya watu waliokuwa wakisengenya ng’ambo ya barabara. Ya mama yake aliyemfundisha kusema, hakuweza. Kwa hiyo alimkwepa. Akirudi kazini humshika mkono, huubusu, kisha hutoka haraka kabla hajaulizwa kitu.

Usiku huo mguu wa Bibi ulivimba ukawaka moto. Asubuhi Mama Sponji alimgusa mumewe begani, akasimama mbele yake penye mwanga.

“Nampeleka mama zahanati. Leo hutakuwa na mtu.”

“Nenda,” alisema Waya. “Nitakuwa nimeingiza kichwa ndani ya Kiatu kutwa nzima. Nani ataniita?”

“Bosi.”

“Bosi atadhani nimezama kazini. Ndiyo kweli yenyewe.”

Mama Sponji hakuridhika. Alimfuata hadi mlangoni, akampa kipande kikubwa cha sponji, kinene, alichokikata kwenye kiti cha lori. “Ukizifungua honi, ziweke juu ya hiki. Rangi ya gari la watu isije ikakwaruzwa ukatafutiwa maneno.”

Waya aliikunja sponji kwapani akaondoka. Bibi, aliyekuwa amekaa kitandani akingoja kuvalishwa kandambili, alimwita amuage vizuri. Mwanawe alishafika njiani.

“Umeona?” alisema Bibi. “Umeona mwenyewe?”

*

Waya alianza kama anavyoanza siku zote, kwa kitu rahisi. Alitazama fyuzi, ilikuwa nzima. Akafungua honi mbili zilizofichwa nyuma ya pua ya gari, akaziunganisha moja moja kwenye betri, kiganja juu yake. Ile nene ilitetemeka kama paka aliyelala mapajani. Ile nyembamba ilimtekenya kama mbu ndani ya ngumi. Zote nzima. Mafundi wale wawili wa mwanzo walikuwa wamemuuzia daktari honi mpya bila sababu. Ugonjwa haukuwa kwenye mdomo. Ulikuwa kooni.

Kutoka kwenye kitufe katikati ya usukani hushuka waya mwembamba, hupita ndani ya bomba la usukani, huenda hadi kwenye honi. Kazi yake ni moja. Ukibonyeza kitufe, waya hugusa chuma cha gari, na honi hulia. Fundi akakisia kwamba huko ndani ya bomba, mahali asipopaona mtu, ngozi ya waya imezeeka ikapasuka. Usukani ukikata kona, shaba tupu hugusa bomba bila kuombwa na mtu. Hiyo ndiyo honi ya maziko. Na kitufe chenyewe, kwa chini, kilikuwa kimechakaa. Hiyo ndiyo honi inayonyamaza ikiitwa.

Alitandika sponji ya mkewe juu ya boneti, akazilaza honi zote mbili juu yake na nyaya zake zikiwa zimeungwa, ili akishapata mahali penyewe aje azishike. Kisha akajilaza chali, miguu nje ya mlango, kichwa chini ya dashibodi, tochi mdomoni. Akanyoosha mkono akauzungusha usukani kushoto.

Honi zikalia.

Gereji nzima iliruka. Honi zile zilikuwa nje ya gari, hazijafunikwa na kitu, na mlio wake ulipiga mabati ya paa ukarudi chini mara mbili. Nyundo alidondosha nyundo. Fundi wa matairi alicheka, akapaza sauti, “Waya! Kiatu kinakubana?”

Waya hakujibu. Ilionekana miguu yake tu, imelala imetulia, mmoja juu ya mwingine.

“Waya, zima hiyo kitu!”

Angekuwa amezifunga honi mahali pake, gari lingetetemeka, naye angelijua kwa mgongo. Sponji ilikuwa imeumeza mtetemo wote. Kule chini kulikuwa kimya. Alikuwa ameuona mpasuko wa waya kwenye mwanga wa tochi, mdogo kama kovu la chanjo, na moyo wake ulijaa furaha ya fundi. Aliuzungusha usukani zaidi kidogo ili aone vizuri.

Mlio uliendelea. Watu wa maduka ya jirani walitoka nje. Wanafunzi waliokuwa wakipita walisimama langoni. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni aliyafunika masikio ya mtoto kwa kanga. “Sikio la kufa halisikii dawa!” mtu alipiga kelele, na wachache wakacheka, halafu kicheko kikaisha. Nyundo aliitazama miguu ile. Kidole kikubwa cha mguu mmoja kilikuwa kinacheza polepole, kama cha mtu anayejiimbia kimoyomoyo. Nyundo akaelewa kwamba mwenzake hana habari.

Bosi alitoka ofisini simu ikiwa mkononi. Daktari, aliyekuwa amekuja kuulizia gari lake, alisimama nyuma yake.

Waya alijivuta nje taratibu, amefurahi, tochi bado mdomoni. Akaketi. Akaona watu. Akaona wamejaa hadi langoni, na kila mmoja wao alikuwa ametia vidole masikioni.

Alivitazama vidole vile. Kisha akazitazama honi juu ya sponji. Akainuka, akaenda akachomoa waya wa betri, na vidole vikashuka, kimoja kimoja.

*

“Tangu lini?” aliuliza bosi.

“Ni waya wa ndani ya usukani,” Waya alisema. “Nimeuona. Kesho nautoa.”

“Sikuulizi gari.”

“Sikia, bosi…” Neno lilimtoka kwa mazoea, na mtu mmoja akakohoa.

Bosi hakuwa mtu mbaya, na hilo lilifanya mambo yawe magumu zaidi. Alimwangalia Waya muda, kisha akageuka akampa mgongo. Akasema kitu. Waya aliona mabega yake yakipanda na kushuka. Akaona pia wenzake wote, kwa pamoja, wakiruka pembeni na kugeuza shingo kutazama nyuma. Fundi wa matairi alimvuta daktari kwa mkono. Kati ya uwanja akabaki Waya peke yake, amesimama wima na kitambaa chake cha kufutia mikono.

Nyuma hapakuwa na kitu.

Bosi akageuka tena. Alisema polepole, akifungua mdomo mpana, kama anavyosemeshwa mtoto. “Nimesema, tokeni hapo, lori linarudi nyuma. Umeona waliotoka?”

Waya aliinamisha kichwa.

“Siku moja litakuwa lori la kweli, Waya. Nani atakwenda kumwambia mkeo? Mimi. Sitaki safari hiyo.” Akapumua. “Malizia gari la daktari, kisha upumzike. Mkeo abaki. Viti havihitaji masikio.”

Huko kukarimiwa kulimuuma kuliko kufukuzwa. Watu walitawanyika, kila mmoja akijitafutia kitu cha kushika. Fundi wa matairi, yule aliyecheka kwanza, aliziokota bisibisi za Waya zilizokuwa chini, akazifuta moja moja, akazipanga kwenye boksi lake, akaondoka bila kumtazama.

Kwenye njia ya kurudi nyumbani Nyundo alimfuata mbio, akampita, akageuka ili wawe uso kwa uso. Alikuwa na kijiti cha meno mdomoni. Alikitoa.

“Na mimi pia,” alisema.

“Na wewe nini?”

“La kushoto limekufa. La kulia linaaga.” Aligusa sikio lake kama mtu anayegusa jeraha. “Nilikuona na sponji zako siku nyingi. Nikajisemea, kumbe tuko wawili. Na ni nyundo yangu iliyokufanya hivyo. Nimekugongea hapo ubavuni miaka yote.”

“Na honi zangu zimekufanya hivyo wewe.”

“Nilitaka kusema pale mbele ya bosi. Mdomo ukakataa. Nina watoto, Waya.”

Waya alimshika bega. “Usiseme. Na usikae upande wa kulia wa kompresa ya upepo, huko huoni anayekuita. Kaa pale kwenye nguzo, utaona lango na ofisi kwa pamoja.”

Nyundo aliitikia kwa kichwa, akifuta pua kwa mkono wa shati. Ndivyo Waya alivyomwachia mtu mwingine mahali pake.

*

Habari ilikuwa imetangulia nyumbani, kama kawaida ya habari mbaya kuwa na miguu. Mama Sponji alikuwa ameketi kizingitini. Bibi alikuwa ndani, mguu umefungwa bendeji, umewekwa juu ya mto.

“Ni ile sponji,” Mama Sponji alisema. “Mimi ndiye niliyekupa.”

“Ilizuia rangi isikwaruzwe,” alisema Waya. “Ilifanya kazi yake.”

“Usinitanie.”

“Sikutanii. Nimeupata ugonjwa wa gari. Kesho uje unibonyezee kitufe.”

Hapo ndipo Mama Sponji alipolia, na mumewe akakaa kando yake kizingitini, wakizuia njia wote wawili, mpaka jirani aliyetaka kuazima ndoo akaona bora arudi.

Bibi aliita kutoka ndani. Mkwewe akaingia, akaketi kitandani, akamweleza yote. Bibi alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

“Kwa hiyo nilipokuwa nikimwita…”

“Alikuwa hasikii, mama.”

“Na nilipomtukana jeuri?”

“Hakusikia.”

“Afadhali,” alisema Bibi. “Mbona hamkuniambia? Mimi ni mtu wa nje?”

“Alisema utaumia.”

“Nimeumia kwa kudhani mwanangu hanipendi. Hayo ndiyo maumivu mliyonichagulia.” Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. “Mwite.”

Waya aliingia akakaa chini, karibu na mguu uliovimba. Bibi alisema naye muda mrefu. Midomo yake iliyozama ilifunguka na kufumba, na Waya aliitazama kwa nguvu zake zote, shingo imenyooka, kama mwanafunzi mbele ya ubao asiojua kuusoma. Mwishowe alitikisa kichwa.

“Sikupati, mama. Wengine nawapata. Wewe sikupati.”

Bibi alimuuliza mkwewe kwa nini. Mama Sponji, kwa haya, aligusa meno yake mwenyewe.

Bibi akaanza kucheka. Alicheka mpaka ufizi wote ukaonekana, na Waya, bila kujua kinachochekesha, naye akacheka kwa kumwona mama yake anacheka. Kisha yule kikongwe akauchukua mkono wa mwanawe, akauweka kooni pake, na akasema jina la utotoni ambalo hakuna mtu mwingine aliyelijua. Waya alilihisi kwenye kiganja, kama alivyohisi honi. Alilala pale chini na kichwa chake kitandani mpaka chakula kikapoa.

*

Siku iliyofuata mume na mke walimaliza kazi pamoja. Waya aliuvuta waya wa zamani kutoka ndani ya bomba kama mtu anayetoa mwiba, akapitisha mpya, akauviringia tepu nyeusi, akakisugua kitufe na kukiwekea kipande kipya cha shaba. Akazifunga honi nyuma ya pua. Mkewe aliketi kwenye usukani, mara ya kwanza maishani kukalia kiti kama kile, akabonyeza. Akakata kushoto, akakata kulia. Waya alikuwa ameinama mbele, viganja viwili juu ya honi mbili, macho amefumba.

“Nyembamba inachelewa,” alisema, akazungusha skrubu yake kidogo. “Tena.”

Akabonyeza tena. Zilitoka kwa pamoja, nene na nyembamba, nzuri hata fundi wa matairi akasimama. Mama Sponji alimwonyesha mumewe dole gumba.

Daktari alipofika kuchukua gari aliushika usukani kama anashika mkono wa rafiki. Alikuwa amefadhaika tangu jana, na alitaka kufanya jema.

“Nitaongea na bosi wako,” alimwambia Waya, akihakikisha anatazamwa mdomo. “Hii si haki. Fundi kama wewe anaweza kukaa mezani, vitu aletewe. Leo ana wageni, ila atakuwepo harusini, nimemwalika. Nitamshika hapo hapo kwa mkono. Nyumba yenu si ile ya lango la bluu, barabara ya kwenda ukumbini?”

“Ndiyo, Daktari,” alijibu Mama Sponji.

“Basi, tukitoka ukumbini jioni nitapita hapo. Akikubali, nitapiga honi. Mkisikia honi, Jumatatu arudi kazini.” Akacheka kwa kufurahia wazo lake. “Kwa honi hiyohiyo aliyoitengeneza!”

Waya alitazama midomo yake hadi ikafunga, asije akapitwa na neno.

*

Jumamosi jioni walitoa viti nje, karibu na lango la bluu. Bibi alitaka naye atolewe, akakalishwa na mguu wake juu ya kigoda. Mama Sponji alikuwa amechana nywele. Waya alikuwa amevaa shati lake la kwenda kwa watu. Hakuna aliyetaja kinachongojwa. Jirani wa ndoo aliuliza kama kuna mgeni anakuja, akaambiwa wanapunga upepo.

Magari ya harusi yalianza kurudi, yakipiga honi ovyo, na kila honi ilimfanya Mama Sponji anyanyuke nusu na kukaa. Waya hakuwa akitazama magari. Alimtazama mkewe shingoni, mahali mshipa unapopiga.

Kisha Kiatu kikatokea. Kilikuja polepole, rangi ya maziwa kwenye jua la mwisho, maua yamefungwa puani, bibi harusi ameketi kando ya babu yake, shela lake likipepea nje. Kilikuwa kizuri sana. Watoto walikikimbilia. Daktari alikuwa amevaa suti nyeupe. Alipolikaribia lango la bluu aliangalia mbele, mbele kabisa, kama mtu anayepita kwenye daraja jembamba. Kilipita. Shela likapinda kona pamoja nacho.

Vumbi likatulia.

Mama Sponji hakugeuza uso kwa mumewe. Alikuwa akitafuta sura ya kumwonyesha na hakuipata.

Bibi ndiye aliyesema. “Pengine imeharibika tena,” alisema. “Vitu vya zamani hivyo. Pengine ameibonyeza, imekataa.”

Alisema kwa upole, akimpa mwanawe mahali pa kuegemea. Waya aliona midomo ya mama yake ikisogea, akamgeukia mkewe amtafsirie. Mama Sponji alisita, kisha akamwambia, neno kwa neno, “Mama anasema pengine honi imeharibika.”

Waya alitikisa kichwa.

“Haijaharibika,” alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa mno, kama ya watu wasiojisikia, na jirani akachungulia. “Ile honi ni nzima. Nilimtazama. Mikono yake yote miwili ilikuwa pembeni ya usukani. Hakuigusa.”

Akainuka, akakibeba kigoda cha mama yake kwa mkono mmoja, akamshika mama kwa mwingine, wakaingia ndani.

*

Jumatatu Mama Sponji aliondoka peke yake. Kabla ya kwenda alimwagia Bibi mfuko mzima wa vipande vya sponji kitandani, vikubwa kwa vidogo, akamwonyesha namna ya kurusha, mkono ukianzia kwenye kiwiko.

“Na nikimkosa?” aliuliza Bibi.

“Rusha kingine, mama. Viko vingi.”

Waya alikuwa amechuchumaa uani, ameupa mlango mgongo, taa ya jirani iliyokufa mbele yake na bisibisi mkononi ambayo haikuwa ikifungua kitu. Alikuwa amekaa hivyo tangu mkewe alipopotea kwenye kona. Kipande cha kwanza kilianguka karibu na ndoo. Cha pili kilipita juu ya kichwa chake, naye hakukiona. Bibi alijivuta hadi ukingoni mwa kitanda, akachagua kipande kizito, akafumba jicho moja.

Kilimgonga katikati ya mgongo.

Waya aligeuka. Ndani ya mlango, ukingoni mwa kitanda, mama yake alikuwa ameinua kikombe kitupu cha chai, anakitikisa, na ufizi wake wote uko nje.